Bendera ya Njano, Kona ya Nne

Bendera ya njano ilikuwa mkononi mwangu, bado imekunjwa, na kaka yangu alikuwa anakuja.

Nilimsikia kabla sijamwona. Mlio wa pikipiki yake niliujua kama mtu anavyojua kikohozi cha baba yake. Mbele yake, kwa urefu wa gurudumu moja tu, alikuwa Bwana Harusi, tuliyempa jina hilo kwa sababu ya suti yake nyeupe isiyoshika vumbi. Miaka mitano mfululizo huyo bwana alikuwa akimwachia kaka nafasi ya pili. Na mwaka ule goti la kaka lilikuwa limeshasema basi. Daktari alimruhusu mashindano yale tu, kisha aachane na mbio. Asiposhinda siku ile, ndiyo basi tena.

Uwanjani kwetu kulikuwa na desturi: kila kona ilisimamiwa na mashabiki wawili, mmoja wa kila upande, ili asiwepo wa kulalamika. Mimi, mshona nguo, niliwekwa na mwalimu wa hesabu, shabiki wa Bwana Harusi wa kufa na kupona. Asubuhi nzima tulitaniana.

"Fundi, leo utashona leso za kufutia machozi," aliniambia.

Nikamjibu aandae hesabu za kutoa, maana za kujumlisha zimemwishia.

Kwa kinyozi, walikokutana mashabiki wetu, msimamo ulikuwa mmoja: ushindani ni ushindani, huruma ipelekwe hospitali. Nami nilipiga makofi, tena kwa nguvu. Mwalimu aliona vingine. "Mpinzani ndiye anayekuamsha mapema ukafanye mazoezi," alisema. "Akiumia, utashindana na nani?" Nilimwona anajifanya mtakatifu.

Ikiwa imebaki mizunguko miwili, mwendeshaji wa mkiani aliteleza mbele yetu. Mwalimu akakimbilia barabarani, akamshika makwapa, akaanza kumburura, mgongo wake ukielekea kule pikipiki zinakotokea. Bendera ikabaki kwangu. Ikipepea, wote hupunguza mwendo na hakuna ruhusa ya kumpita mtu kwenye kona hiyo. Na kona ya nne ndipo kaka alipozoea kuwapita watu, upande wa ndani, pasipopitika.

Nikapiga hesabu ya haraka. Mwalimu alibakiza hatua tatu. Nikichelewa kidogo tu, kaka atakuwa ameshapita, na Mwalimu atakuwa ameshatoka. Labda. Naona aibu kuliandika neno hilo, lakini nililiwaza.

Nikaipeperusha.

Kaka alikuwa ameshatanguliza gurudumu. Nikamwona anainua kichwa, anaachia mafuta, anarudi nyuma ya suti nyeupe. Walipita taratibu, Mwalimu bado ana mguu mmoja barabarani. Jukwaani watu wetu walilipuka. "Umemuuza ndugu yako!" Kinyozi mwenyewe alikuwa mstari wa mbele, mishipa imemtoka shingoni. Niliwapa mgongo. Nilikuwa nalia, lakini bendera sikuishusha mpaka njia ilipokuwa safi.

Mzunguko wa mwisho walikuja tena, bega kwa bega. Kona ilikuwa wazi. Kaka akazama ndani kabisa, goti lile bovu likikwaruza lami, akaibuka mbele, na hakushikika tena. Msimamizi wa kona haruhusiwi kushangilia. Nilishangilia hadi sauti ikanikauka, na karipio la wakubwa nililipokea huku nacheka. Mwalimu, uso umemshuka kwa kushindwa, alinipa mkono na asiuachie upesi.

Bwana Harusi ndiye aliyembeba kaka mabegani. Kwa kinyozi wanabishana hadi leo: wengine husema nilikaribia kuharibu kila kitu, wengine kwamba ushindi ule ni mtamu kwa sababu hauna doa. Siku hizi sipigi makofi. Nabishana nao.

Jioni ile nilimkuta kaka ameketi juu ya ndoo, anahangaika kuvua buti.

"Dada, ulisita?" aliuliza.

"Kidogo."

Aliifuta kofia yake ya chuma kwa kiganja.

"Mimi pia, nilipoiona bendera," akasema, akaninyooshea mguu nimsaidie kuvuta.