Siku Wifi Alipotua

Wanafunzi wake walimwita Mwalimu Pumzi, na jina lilimkaa sawasawa, maana saa nzima hakuwa na wimbo mwingine: vuta pumzi, shusha pumzi, usiibane pumzi. Darasa lake la yoga lilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi na misumari, na harufu ya rangi ilipanda ngazi pamoja na wanawake. Alikuwepo nesi ambaye usingizi ulimkimbia tangu ahamishiwe wodi ya watoto. Alikuwepo keshia wa benki mwenye mabega yaliyopanda yakagoma kushuka, na mjane mmoja aliyekoroma kila alipolazwa chali, mpaka wenzake wakashindwa kujizuia kucheka. Mwalimu hakuwauzia maneno matupu. Ndoa yake ilipovunjika, yoga ndiyo iliyomwokota. Mkekani ndipo alipogundua kwamba bado ana mwili, na kwamba anaweza kukaa kimya na nafsi yake bila kuiogopa.

Mwisho wa darasa alishusha mapazia, akapita katikati ya mikeka akisema kwa sauti ya chini, "Tueni. Kila mlichobeba kisicho chenu, tueni." Hapo wengine walilia. Alijua watalia, na tusifichane, alipenda wakilia.

Mwaka huo wifi yake naye alianza kuja. Huyu alikuwa mke wa kaka yake, na ndiye aliyemtunza mama yao tangu akili ya mama ianze kupotea na nyonga zikatae kumbeba. Kaka alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, nyumbani kwake akipita kama mgeni wa hoteli. Basi aliyemwogesha mama, akamlisha, akambadilisha nguo, akasikiliza hadithi moja mara ishirini kwa siku, alikuwa wifi, na kwa ajili hiyo aliacha kazi yake ya kuoka mikate. Mwalimu Pumzi alifika Jumapili moja moja, matunda mkononi, akakaa kidogo, akasema, "Wifi, Mungu atakulipa," akaondoka kabla ya saa ya mama kuoga. Nafasi ya bure darasani ndiyo iliyokuwa shukrani yake, na ilimgharimu mkeka mmoja.

Jumamosi moja wifi alilia pale sakafuni kuliko wote. Mwalimu alimfunika shuka, akajiona amefanya jambo kubwa. Kwenye ngazi alijisifu hata kwa keshia, kwamba wifi yangu sasa anafunguka.

Jumatatu asubuhi teksi ilisimama nje ya nyumba yake. Wifi akashuka, akamshusha mama taratibu, kisha begi, mfuko wa dawa na kiti cha plastiki cha kuogea. Mwalimu akadhani ametembelewa, akaanza kutafuta vikombe.

"Sikai, wifi," yule akasema, akiweka begi kando ya kochi. "Ulituambia tutue. Nimetua."

Alimbusu mama kwenye paji la uso, akaenda zake. Mwalimu alimpigia kaka yake simu. Kaka alicheka kwanza, halafu akaelewa, na mara ile ile mtandao wa huko aliko ukawa mbaya.

Siku zile za kwanza Mwalimu Pumzi aliwaka hasira. Mwanamke gani anamtupa mzee kama fungu la kuni? Lakini hasira ile haikudumu, maana kila kazi ilimuumbua. Hakujua mama halalii ubavu wa kushoto. Hakujua sikio moja limekufa, akawa anambembeleza upande usiosikia na kumwona mkaidi. Alipomvua nguo amwogeshe, alikuta mgongo mwembamba asioujua kabisa, na ni mgongo wa mama yake mzazi. Ngozi ilikuwa safi, haina kidonda hata kimoja. Mtu alikuwa akimgeuza mama na kuipaka mafuta miaka yote hiyo, na mtu huyo hakuwa yeye.

"Mwanangu yuko wapi?" mama aliuliza.

"Mimi hapa, mama."

Mama alimtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama karani dirishani. Akasema hapana, mwanangu ana mikono ya joto, wewe mgeni mikono yako baridi. Mwalimu alitoka bafuni, akakaa ukingoni mwa kitanda, akajaribu kushusha pumzi kama anavyowafundisha wenzake. Kila aliposhusha, aibu ilipanda. Nafsi ilimsuta, na safari hii hapakuwa na pazia la kushusha.

Hata hivyo alijitafutia upenyo. Alimwomba nesi akae na mama, akaenda kwa wifi na maelezo aliyoyapanga njia nzima. Alimkuta amelala chini sebuleni, miguu ameiegemeza ukutani, vile vile alivyomfundisha.

"Wifi, ulinielewa vibaya," alianza. "Nilisema mambo ya moyoni. Kinyongo, huzuni. Sikusema mtu."

Wifi hakushusha miguu. "Nilikuelewa vizuri tu. Uliuliza nimebeba nini kisicho changu. Nikatazama, nikaona nimembeba mama yako."

"Si ungeniambia kwanza."

"Nilikuambia. Nilikuambia mgongo unaniua, ukanipa mkeka." Sauti yake haikupanda. "Mtu mwenye ndoo kichwani hatui peke yake, wifi, atamwagikiwa. Anamwita mwenzake amtue. Mimi miaka yote naita nitue, nitue, na wewe unanijibu Mungu atanilipa."

Mwalimu Pumzi aliketi sakafuni kando yake.

"Wala usidhani nailaumu yoga," wifi aliendelea. "Pale ndipo nilipousikia mgongo wangu, nikajiuliza nani aliniambia niusahau. Jumamosi nitakuja, kama bado unanitaka."

Mwalimu alikuwa amekuja kumwomba amchukue mama. Aliishia kuuliza mama anaogeshwaje, na wifi akamwelekeza: anza na miguu, omba ruhusa kila unapovua nguo, pasha mikono kwenye maji ya moto kabla hujamgusa.

Jumamosi ile, baada ya darasa, walirudi pamoja nyumbani kwa Mwalimu, ambako jirani alikuwa amekaa na mama. Mama alipomwona wifi uso ulimkunjuka. "Mwanangu, umekuja," akasema, akimshika mkono. "Twende nyumbani. Huyu mgeni ni mtu mwema, lakini nimechoka kukaa kwa watu."

Wifi aligeuka akamtazama Mwalimu. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na ilikuwa wazi kwamba akiombwa, hata kwa kope tu, atalibeba lile begi na kutoka nalo mlangoni. Mwalimu aliyaona hayo yote. Alitamani mno kuomba.

"Mama anabaki hapa," alisema. "Wewe njoo umsalimie tu."

Mama alilia kama mtoto. Wifi alitoka akijipangusa machozi, na Mwalimu akabaki mlangoni akijiuliza kama amemtendea mama haki au amemwibia mwana wa pekee anayemkumbuka. Alipasha uji, akapasha na mikono, akavuta kiti upande wa sikio zima.

Mama alikula vijiko viwili vitatu, kwikwi zikapungua. Akamwangalia kwa huruma. "Mgeni, na wewe una mama?"

"Ninaye."

"Yu hai?"

"Yu hai."

"Huwa unakwenda kumwona?"

Alirudisha kijiko bakulini. "Nilikuwa siendi," alisema. "Nilimwachia mtu."

Mama alitikisa kichwa polepole, kama anayesikitikia jambo la watu wengine kabisa. "Nenda, mwaya," akasema. "Atakuwa anakuulizia."