Tanuru la Kuni Kavu

Jumamosi, tarehe 8 Februari 1975. Asubuhi hiyo upepo mkavu ulivuma kutoka kaskazini, na vumbi likalifunika jua la kijiji cha Manibe. Hamuza alifika kwa shemeji yake Medina akiwa na shoka begani.

Wahunzi wa mji wa Arua walikuwa wanangoja magunia kumi ya makaa kutoka kwake. Rundo la kwanza la kuni, lililochomwa likiwa bichi, lilikuwa limetoa manne tu. Rundo la pili, kubwa kama lile, lilikuwa bado uani.

"Hii ingine itatoa nne tena," alisema Hamuza. "Kwa hivyo ile mti ya mafuta inaanguka leo."

Medina alisimama kati yake na mti, uliokuwa pembeni mwa ua. Tangu mumewe afariki, mbegu za mti ule ndizo zilizowapa watoto wake mafuta ya kula na nguo za Idi.

"Shemeji, wewe umeshapika na kuni bichi?"

"Mimi mwanamume, nipike nini?"

"Ndiyo maana hujui. Moto inakula kuni kwanza kukausha maji, halafu ndiyo inafanya kazi. Wahunzi wangoje. Acha hii rundo ikauke wiki tatu. Ikitoa gunia sita, mti yangu iko salama. Ikipungua hata moja, kata."

Jirani yao Lemi, aliyekuwa amesimama na mkewe Nora, alicheka. "Hamuza, unaogopa mwanamke?"

"Mimi? Haya. Wiki tatu!"

Siku zilipotimia, kuni zilikuwa nyepesi, na ukizigonga zinalia. Medina alizipanga kwa kuzibana, akazifunika kwa majani na udongo, akaacha matundu machache ya hewa, kisha akawasha kwa Bismillahi.

Siku ya tatu ya moto, alipotoka kuswali alasiri, alishtuka. Ubavu wa tanuru ulikuwa umepasuka. Hewa ikiingia kwa wingi, makaa yote huwa majivu. Lakini Hamuza alikuwa amepiga magoti pale, akiziba ufa kwa tope, mikono mitupu, akikohoa.

"Shemeji! Si ungeacha tu? Ungeshinda."

"Ningeshinda majivu," alijibu, akipuliza viganja vilivyoungua. "Leta maji, wacha maneno."

Medina akaleta maji, akamwosha viganja polepole, huku akimshukuru Mungu kimoyomoyo.

Tanuru lilipopoa, walifukua wote wanne. Lemi alishika magunia, Nora akahesabu kwa sauti. La sita likajaa, na chini makaa yalikuwa bado yanameta. La saba nalo likajaa.

Hamuza alijipangusa vumbi la makaa vidoleni. Kisha akasimama wima.

"Lemi, Nora, sikieni na masikio yenu. Wallahi, mimi hapana kata mti ya Medina mpaka naingia kaburi. Na kuni bichi, hapana choma tena."