Jicho la Kushoto la Chemutai

Asubuhi Chepkemboi alikuwa akikoroga uji juu ya kuni mbichi, na moshi ulimjaa machoni. Mdogo wake Chemutai alikuwa mlangoni akifunga aproni nyeupe. Ilikuwa mwaka wa 1956, upande wa Mogogosiek. Chepkemboi alichuma chai shambani. Chemutai alilea mtoto wa meneja, ndani ya nyumba yenye veranda pana na mapazia.

Katika jicho la kushoto la Chepkemboi kulikuwa kumeota kinyama. Kilianzia kona ya puani, cheupe chenye mishipa myekundu, na kila kiangazi kilitambaa kidogo kuelekea mboni. Macho ya Chemutai yalikuwa safi. Vijana waliotoka Roret kuwatembelea siku za Jumapili walimsalimu Chepkemboi huku wakimtazama mdogo wake.

Chepkemboi alimwonea wivu. Alimwonea wivu alipocheka, alipokunywa maji, hata alipolala.

Momanyi, dresa wa zahanati ya shamba, alimmulika jicho kwa tochi. "Hii si ugonjwa, mama. Hii ni kijicho. Kuna mtu unamwonea."

"Ni mdogo wangu," Chepkemboi akakubali.

"Basi acha. Itakauka yenyewe."

Alijaribu kuacha. Hakuweza, na kinyama hakikukauka.

Jumamosi moja, wakichambua mboga, Chemutai alisema amechoka kutazamwa namna ile. "Sasa wewe unataka nini kwangu?"

"Jicho."

"Yote mawili?"

"La kushoto tu."

Chemutai alinawa mikono. Akalitoa jicho taratibu, kama mtu anayetoa njegere kwenye ganda, akampa dada yake, akapokea la dada yake. Yalikaa vizuri, kwa kuwa walizaliwa tumbo moja. Kisha wakamalizia mboga.

Jumatatu nyapara Kipkosgei aliliona jicho jipya la Chepkemboi. Akamwambia limempendeza, na asiache majani makubwa kwenye kikapu. Kwa muda Chepkemboi alikuwa na raha. Lakini jua la huko milimani lilimpiga usoni toka asubuhi, likamrudia tena kutoka kwenye majani yenye kung'aa, na upepo ulileta vumbi la barabara ya malori. Kiangazi cha pili, kwenye jicho lile safi, kinyama kikaanza kuota.

Akarudi kwa Momanyi. "Sasa hili linamwonea nani? Hili jicho ni la Chemutai. Halijawahi kumwonea mtu."

Momanyi akatazama sana. "Na lile lako?"

"Liko ndani kwa meneja. Kinyama kimesimama palepale."

Dresa akazima tochi. "Basi ni jua. Ni vumbi na huo moshi wenu. Nilikukosea, mama."

Akaenda kwa meneja, akavua kofia, akaeleza jinsi dada wawili walivyobadilishana macho na mambo yaliyoonekana. Aliomba wachumaji wapewe kofia pana na nyumba zao za laini zitobolewe pa kutokea moshi. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho akiwa na kofia yake pana kichwani. Habari ya kubadilishana macho haikumsumbua. Alisema chai haichumwi kivulini. Halafu akauliza kama huyo mwenye jicho baya ni yaya wake.

Jioni hiyo memsabu, mke wa meneja, alisema hataki jicho kama lile karibu na mtoto. Kesho yake Chemutai akapewa kikapu na mstari wa chai kando ya dada yake.

Chepkemboi alifurahi kumwona juani. Alifurahi hadi karibu saa sita, Chemutai alipoinama kufikicha macho.

"Turudishiane?" Chepkemboi akamuuliza.

"Ya nini? Yote ni mamoja sasa."

Wanawake wa mistari mingine waliendelea kuchuma wakiwa wamekunja nyuso, kila mmoja na kinyama chake. Barabarani akapita yaya mpya, Priscillah, akimsukuma mtoto kwenye kigari, mwavuli wa memsabu juu ya vichwa vyao. Alikuwa msichana mpole, akawapungia mkono.

Chemutai hakupunga. Alisimama kumtazama mpaka nyapara akamwita kwa jina.

"Huyo ana macho mazuri," akamwambia dada yake.

"Anayo mawili," Chepkemboi akajibu, "na sisi tuko wawili."

Wakaendelea kuchuma.