Ada Iliyokokotolewa Upya

Dada yangu ana kampuni ndogo ya intaneti: yeye, mimi ninayepokea simu za wateja wenye hasira, na mtambo mmoja juu ya paa la nyumba yake. Mtambo unatumia masafa ya redio, na masafa hayo hulipiwa ada kwa mamlaka ya mawasiliano. Mwaka huu ada ilipanda maradufu. Dada alipiga hesabu, akasema kwa bei hiyo tunafunga.

Mumewe ni wakili. Aliisoma barua ya mamlaka, uso ukamng'aa.

"Kanuni zao wenyewe zinasema ada ikokotolewe kwa upana wa masafa na idadi ya watu katika eneo la huduma. Hawa wamekisia tu."

"Kwa hiyo itashuka?" dada akauliza.

"Mke wangu, hii tunaipeleka mahakamani kwa mapitio ya uamuzi wao. Jaji haulizi kama ada ni kubwa. Anauliza kama utaratibu umefuatwa."

"Mimi nauliza kama ni kubwa."

"Hiyo si hoja ya kisheria."

Ningemshauri dada atafute wakili mwingine, ila huyu alikuwa wa bure, tena baba watoto.

Mahakamani, mamlaka walikiri kwamba ofisa wao alichukua ada ya mwaka jana akaizidisha mara mbili "kwa kuzingatia hali". Jaji, mama mpole mwenye mafua, aliifuta ada hiyo na kuwaamuru waikokotoe upya kwa kanuni zao, kipengele kwa kipengele. Shemeji alimkumbatia hadi karani. Mimi nami nilifurahi, nisiseme uongo.

Kumbe hesabu yenyewe hakuna aliyekuwa ameifanya. Mamlaka walikuwa wavivu. Shemeji alishasema ukubwa wa ada si hoja. Mimi na dada tulidhani shemeji ameifanya. Sasa mamlaka wakaketi, wakahesabu watu mpaka vitongojini, wakatualika tutoe maoni, wakatupa chai. Tulisikilizwa vizuri sana. Ada mpya ikaja mara tatu ya ile tuliyoikataa. Tulijipalia makaa, tena kwa amri ya mahakama.

Dada aliiweka barua mezani. Hakulia, niliyelia ni mimi, na nilikwenda kulilia chooni.

"Tafuta kosa lao," akamwambia mumewe.

Shemeji alisoma yote, kalamu mkononi, akarudi mwanzo akasoma tena. Tukamsubiri kama watu wanaosubiri majibu ya daktari.

"Hakuna," akasema mwishowe. "Wamefuata kila kitu. Kwa kweli wameandika vizuri."

Alisema hivyo kwa heshima kabisa, na hapo nikatamani kumzaba kofi.

Dada akaikunja barua.

"Basi panda juu ukazime mtambo," akasema. "Mimi siwezi."

Shemeji akavua koti la suti, akalitundika kwenye kiti, akatoka nje na kuanza kupanda ngazi na viatu vyake vya mahakamani. Hakuna aliyemshikia ngazi.