Springi za Noah Kwenye Karina

Nyamizi wa Nyahanga alikuwa na mkwe fundi, tena fundi wa shokapu na springi anayesifiwa Kahama nzima, na bado gari lake lilipita barabarani likirukaruka kama ndama aliyefunguliwa asubuhi. Ukimuuliza kwa nini, atakujibu: heshima. Haya, heshima ilikuwapo, hatukatai. Ila ukaidi nao ulikuwapo, na huo haukupimwa kwa kijiko.

Kwao Ushetu, mama mkwe na mkwilima, yaani mume wa binti yake, hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, hawazungumzi ana kwa ana. Siku hizi mjini utawakuta wakwe wamejazana sebuleni wanaangalia tamthilia na kugombania rimoti. Nyamizi akisikia hayo hufumba macho. Tangu Bujiku amuoe Noela, miaka minne sasa, akija kusalimia anasimama nje ya uzio. "Mwambie mama shikamoo," anamwambia mkewe. "Mwambie marahaba," anajibu Nyamizi kutoka jikoni, na wote wawili wanasikiana vizuri kabisa. Noela amekaa katikati anachambua mchicha, wala hajisumbui kurudia maneno ya mtu.

Sasa mwanamume wa namna hiyo utampelekeaje gari, aingize kichwa mpaka chini ya kiti unachokalia? Haiwezekani. Kwa hiyo ile Karina nyeupe, iliyokaribia kulingana na Noela kwa umri, ilitibiwa na mafundi wa mbali, na gereji ya Bujiku ipo mtaa wa pili, ukipiga chafya unaitikiwa.

Nyamizi alipika keki. Za harusi, za ubatizo, za kipaimara, na alikuwa hodari, hilo halina ubishi. Tatizo halikuwa kupika, lilikuwa kufikisha. Keki ya harusi ya Mwadui ilifika imepasuka katikati kama ardhi ya kiangazi. Ya Masumbwe ndiyo usiseme. Ilifika imelala kabisa, na bwana harusi akaomba ipigwe picha kwa upande. Watu wakaanza kusema keki za Nyamizi ni tamu, lakini uzile Nyahanga hukohuko.

Hapo ndipo ilipokuja simu kutoka Ushirombo. Sista Euphrasia anatimiza miaka hamsini ya utawa, parokia inataka keki, na Sista mwenyewe amemtaja Nyamizi kwa jina.

Nyamizi alikaa chini. Huyo Sista Euphrasia ndiye aliyemfundisha kupika keki, akiwa binti wa miaka kumi na sita kwenye nyumba ya masista, keki ya kwanza ikiivia ndani ya sufuria lililotiwa mchanga, mkaa juu na mkaa chini. Kabla hajafika mbali baba yake alikuja kumchukua akaolewe. Miaka arobaini akawapikia watu wote wa Shinyanga na Geita, lakini mwalimu wake hajawahi kuonja hata kipande. Na Sista sasa ni mzee, hatembei mbali. Kama ni kuonja, ni Jumamosi hii.

Akaamua kupika kanisa. Kanisa zima, lenye paa jekundu, madirisha, na mnara wa kengele ubavuni. "Mama, mnara si uubebe peke yake uupachike kule?" Noela akauliza. "Nikiupachika kule kiungo kitaonekana kama kidonda," Nyamizi akajibu. "Sista ana jicho. Utatoka hapa umesimama, utafika umesimama."

Basi Jumatatu akalipeleka gari kwa Wiliam, fundi wa karibu na stendi, mwenye maneno mengi na spana chache. Wiliam akachungulia, akapiga mluzi. "Mama, springi zako zimelala usingizi wa milele. Nakuwekea za Noah. Utasahau kama dunia ina mashimo."

Gari lilirudi limeinua makalio kama mende anayetaka kuruka. Nyamizi akafurahi; akaliona limepona. Alhamisi, ili awe na uhakika, akajaza beseni maji, akaliweka kiti cha nyuma, akazunguka mtaa mmoja tu. Alipoteremka, beseni lilikuwa tupu na kiti kinachuruzika. Lori la mawe lingemwonea huruma.

Akaegemea mlango akalia. Alilia kwa sauti, bila aibu, mpaka jirani akazima redio ili asikie vizuri. Noela akatoka, akatazama beseni, akatazama kiti, akaelewa.

"Mama," akasema, "mficha uchi hazai. Lete ufunguo."

"Sitaki kumvunjia mkwe wangu heshima."

"Ni mume wangu, mama, na heshima yake iko kwenye spana. Lete ufunguo."

Gari likapelekwa. Nyamizi akafuata kwa miguu, kajitanda kanga mpaka puani, akasimama upande wa kushoto wa gari. Bujiku akahamia upande wa kulia akainamisha uso. Noela alitakiwa awe mjumbe, lakini mimba yake ilikuwa changa, na harufu ya grisi ikamkimbiza nyuma ya ukuta kutapika. Wakabaki wawili, na gari katikati.

Bujiku akakohoa. Akaweka mikono juu ya buti, akakandamiza, akaachia. Gari likapanda, likashuka, likapanda, likashuka, mara tano nzima.

"Gari," akasema Bujiku taratibu, akilitazama buti, "nani amekufanyia hivi?"

Nyamizi akashtuka. Kisha akafikiri: kusema na gari hakujakatazwa na mtu. "Gari," akasema kupitia dirishani, "mwambie ni fundi wa karibu na stendi."

"Huyo amekupa springi za kubeba watu wanane, na wewe wa watu watano. Halafu shokapu zako zilizokufa akaziacha humohumo. Springi inabeba mzigo, gari, lakini shokapu ndiyo inayoituliza springi. Isipotulizwa inadunda mpaka ichoke yenyewe."

"Gari, muulize kama Jumamosi nitafika."

Bujiku hakujibu haraka, na Nyamizi akampenda kwa hilo. Wiliam angekuwa ameshaapa. Bujiku alilala chali, akaingia chini, akapiga tochi huku na huku, akatoka na vumbi kichwani.

"Gari, mwambie mama zinatakiwa shokapu nne na springi nne za Karina yenyewe, siyo za mjomba wake. Nikizipata kesho, atafika. Nisipozipata, nitamwambia asitoke. Sitamdanganya."

Alizipata. Alizunguka maduka yote ya vipuri vya mtumba mpaka saa tano ya Ijumaa, akarudi nazo begani. Akapandisha gari kwenye jeki na magogo, akatoa matairi, akabana kila springi kwa vyuma vyake taratibu, maana springi iliyobanwa vibaya ikifyatuka inaondoka na meno ya mtu. Akabadilisha zote, mbele na nyuma, mbilimbili, zifanane. Nati za juu hakuzikaza mwisho mpaka gari liliposhuka chini likasimama kwa uzito wake. Kisha akakandamiza buti. Likashuka, likapanda mara moja, likatulia.

Nyamizi, ambaye alisema amepita tu kwenda sokoni, na kumbe amepita mara saba, akaenda kujaza beseni. Akajaza mpaka ukingoni. Akazunguka Nyahanga yote, akapanda matuta yote, akarudi. Kiti kilikuwa na matone mawili.

"Wabeja, gari," akasema, yaani asante. Ndani ya gereji mtu akacheka chini kwa chini.

Jumamosi asubuhi kanisa lilikuwa limesimama juu ya ubao kwenye kiti cha nyuma, limesawazishwa na blanketi lililokunjwa, mnara unakaribia kugusa paa la gari. Alitakiwa mtu wa kukaa pembeni aushike ubao. Noela akaingia, akavuta harufu ya siagi na vanila, akatoka mbio. Akajaribu mara ya pili, akatoka mbio zaidi.

"Basi tena," akasema akijifuta mdomo. "Ni Bujiku au uende peke yako."

Saa zilikuwa zinakwenda. Misa ilikuwa saa nne. Nyamizi alitazama mnara, akatazama barabara, akaketi kwenye usukani, akageuza kioo cha katikati kikatazama dari. Bujiku akaingia nyuma, akageukia dirisha la pembeni, mikono miwili kwenye ubao. Wakaondoka namna hiyo, mmoja anatazama mbele, mwingine anatazama mashamba, kanisa limekaa kati yao limenyooka.

Kwenye lami walikwenda salama. Malori ya nyuma yalipiga honi, Nyamizi hayaoni. Masumbwe wakapita, na akina mama wa sokoni walioikumbuka ile keki iliyolala wakanyoosha shingo. Matuta yakaja, Karina ikayapanda na kuyashuka kwa adabu ya mgeni wa ukweni. Nyamizi akaanza kuimba wimbo wa kwaya. Nyuma, sauti nzito ikamsaidia besi, kwa chini sana.

Baada ya Ushirombo wakaacha lami, wakaingia kilomita kumi na mbili za vumbi kuelekea parokiani. Hapo Nyamizi akanyamaza. Karibu na bonde la mpunga ng'ombe wakatoka kichakani ghafla, kundi zima, dume lenye pembe ndefu likiwa mbele limesimama katikati ya njia kama lina hati ya barabara. Nyamizi akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Pua ya gari ikazama, vumbi likawafunika, gurudumu la kushoto likaingia kwenye korongo na kutoka.

Gari likapanda mara moja, likatulia.

Nyamizi hakuweza kugeuka. Alishika usukani, moyo unapiga kama mchi. Miaka arobaini ilikuwa imekaa nyuma yake kwenye ubao, na alisikia ng'ombe wakipita wakisugua milango.

"Gari," akanong'ona, "mnara?"

Bujiku akaukagua mnara, kisha akapumua kwa nguvu.

"Umesimama, mama! Umesimama wima, mama, hata msalaba haujainama!"

Wala hakukumbuka kupitia kwa gari. Na Nyamizi naye hakulikumbuka. Alicheka huku analia, akatia gia.

Walifika kengele ya misa ikigonga. Vijana wa kwaya wakalipokea kanisa wakaliingiza ukumbini, watu wakapiga vigelegele. Bujiku akabaki nje kwenye kivuli cha gari, mgongo kwa ukumbi, maana ndani mama mkwe atakula.

Baada ya misa Sista Euphrasia akaletwa na fimbo yake, mdogo, mkavu, macho makali kuliko ya watu wote. Akasimama mbele ya keki. Akainama akachunguza madirisha moja moja, akazunguka nyuma, akatazama mahali mnara ulipoungana na ukuta, akapitisha kidole pale. Mshereheshaji akataka kusema, akamnyamazisha kwa mkono.

"Hii imetoka wapi?"

"Kahama, Sista," akajibu Nyamizi. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na sauti ilimtoka ya miaka kumi na sita.

"Kahama. Kwa barabara ile." Akachukua kisu, na badala ya kukata pembeni kama watu wanavyofanya, akaukata mnara wenyewe. Ukumbi ukaguna. Sista akala mnara, taratibu, mpaka msalaba.

"Nyamizi," akasema, "baba yako alipokuja kukuchukua nilikasirika wiki nzima. Nilijua nimepoteza mpishi." Akampa kipande mdomoni kwa mkono wake. "Kumbe sikupoteza. Ila chini umeiunguza kidogo."

Watu wakaangua kicheko. Nyamizi akacheka pia, machozi yakimwagika kwenye kanga mpya, na angekubali kuambiwa ameunguza mara mia kwa sauti hiyo.

"Na nani aliyelishika kanisa njiani lisianguke?" Sista akauliza.

"Mkwe wangu. Fundi. Yuko nje, Sista. Sisi kwetu hatu…"

"Najua kwenu. Nami ni wa kwenu." Akakata kipande kikubwa, akakiweka kwenye sahani, akamshikisha. "Mtu aliyebeba kanisa hawezi kushinda na njaa. Nenda."

Nyamizi akatoka na sahani. Jua lilikuwa kali. Bujiku alisikia hatua, akajua ni za nani, akaanza kuzunguka gari kwenda upande wa pili kama desturi. Nyamizi naye akazunguka. Bujiku akazunguka tena. Waliizunguka Karina mara mbili nzima, watoto wa parokia wanawatazama, hadi Nyamizi akachoka, akasimama.

"Bujiku," akasema, "hebu simama, mwanangu."

Bujiku akasimama. Akageuka polepole, na kwa mara ya kwanza akauona uso wa mama yake Noela, wote, bila kanga: pua ileile, kidevu kilekile, macho mekundu ya kulia. Nyamizi akamega kipande kwa vidole, akamlisha. Akasubiri atafune.

"Sista anasema nimeiunguza," akasema. "Wewe hudanganyi. Niambie."

Bujiku akatafuna, akameza, akamtazama machoni.

"Imeungua, mama," akasema. "Niongeze."