Nafasi ya Vidole Vinne

Fundi hakuwahi kumwona bintiye akiruka. Hilo ndilo lililomtafuna, na siyo kwamba hakualikwa. Alialikwa miaka saba mfululizo.

Wakfu wa kampuni ya rangi ulikuwa na ukumbi mtaani kwao, na nyuma ya ukumbi kiwanja. Humo vijana walifundishwa kuimba, kuigiza na kucheza ngoma, na wenye miguu mirefu walikimbia na kuruka. Binti wa Fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Panzi, aliingia huko ana miaka tisa, miguu myembamba, magoti yote makovu. Sare za vijana wote zilishonwa na mama yake. Sasa, nani asiyewajua watu wa ofisi? Wanakaa na jambo miezi mitatu, wanalikumbuka zimebaki siku mbili. Kila siku ya mashindano Fundi alikuwa kwenye cherehani, anatia vifungo vya mwisho vya wanakwaya, huku shangwe za kiwanjani zikimwingilia dirishani.

"Mwakani nakuja, mwanangu. Haki ya Mungu."

"Mwakani tena, mama?" Panzi alimjibu huku anacheka. Hakuwa mtoto wa kununa.

Mwaka wa saba akashinda kuruka juu. Miezi miwili baadaye akashikwa na homa. Siku nne tu, jamani, siku nne, na mtoto aliyeruka ufito ulioko juu ya kichwa cha mama yake akashindwa hata kuinuka kitandani. Mwakani haikufika.

Kilichobaki ni bango. Mpigapicha wa Wakfu alimnasa Panzi siku ile ya ushindi, angani, mgongo umepinda juu ya ufito, nywele zinaning'inia. Wakachapisha picha hiyo kwenye turubai la mita nne wakalitundika ubavuni mwa ukumbi. Fundi akawa anapita pale kila asubuhi, hata siku asizokuwa na safari. Kilichomvuta zaidi hata ya uso kilikuwa ile nafasi kati ya mgongo wa mtoto na ufito. Siku moja alipanda kwenye kiti cha mlinzi akaipima kwa mkono. Vidole vinne. Mlinzi alimshikilia kiti kisiyumbe.

"Hakugusa," Fundi alikuwa akiwaambia wateja, hata waliokuja kupunguza suruali. "Vidole vinne vizima."

Kisha, miaka miwili baadaye, kampuni ikabadilisha nembo. Mabango yote ya zamani yakashushwa, na wakubwa wakaamua yashonwe mikoba sitini ya vijana ya kubebea viatu na nguo za mazoezi. Na kazi ya kushona ipelekwe kwa nani? Kwa Fundi, bila shaka.

Fundi alikwenda ofisini siku hiyo hiyo. Pale palikuwa na karani, msichana mwenye roho nzuri, ambaye zamani alikuwa akiimba kwenye kwaya na alivaa sare za Fundi mpaka zikambana.

"Mwanangu, sina la kuficha. Lile la Panzi nalitaka. Nyumbani nina zile picha ndogo za shule tu, amekaza shingo kama anashtakiwa."

Karani alitokwa na machozi palepale. Akatafuta na picha yenyewe. Mpigapicha alishahama na kompyuta iliyoihifadhi ilishakufa. Lilikuwa limebaki hilo bango, basi.

"Ijumaa nitakuletea mwenyewe, mama. Kwa mkono wangu."

Fundi akarudi nyumbani anatembea kama mtu aliyepona. Akapiga msumari ukutani juu ya kitanda, halafu akacheka peke yake: msumari mmoja kwa turubai la mita nne!

Jumatano dereva wa Wakfu akaleta mzigo. Mabango manane, yamekunjwa kama mashuka, picha ndani, mgongo mweupe nje. Fundi akasukuma meza ukutani. Simu alikuwa ameizima tangu asubuhi, alipoanza kukata nguo za wateja. Hiyo ilikuwa desturi yake tangu siku simu ilipomshtua akachana gauni la bibi harusi: mkasi ukishikwa, simu inalala. Akayatandaza sakafuni manne kwa mpigo, moja juu ya jingine, uso chini, kama alivyofundishwa na kama alivyokata maisha yake yote. Kalamu inashika mgongoni, usoni inateleza. Akaweka kipande cha kadibodi, akachora, akapiga magoti, akakata kwa kisu. Alikata vizuri siku ile, mkono mwepesi, anaimba. Ijumaa ilikuwa inakuja.

Alikuwa amemaliza yote, anapanga vipande viwili viwili kwa ajili ya kushona, alipogeuza kimoja akaona goti.

Goti tu, kubwa kama sinia. Lakini lilikuwa na kovu lenye umbo la punje ya mahindi, na kovu lile alilifunga kitambaa yeye mwenyewe, siku Panzi alipoanguka kwenye ngazi ya nyuma. Fundi akasema, "Hapana." Akageuza kingine: sikio na nywele. Kingine: vidole vya mkono. Kwenye kipande cha shavu palikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa gundi ya ofisini, mwandiko wa karani: *Mama, hili si la kukata. Ni lako. Ijumaa nina wageni, nimelitanguliza na dereva. Nakupigia, simu haipatikani.*

Maskini karani! Alibandika usoni, kwa sababu mtu wa ofisi bango hulitazama usoni. Angetazama wapi pengine? Na fundi hutazama mgongo. Kila mtu alifanya kazi yake sawasawa, na mtoto akakatwa.

Fundi alilia mpaka sauti ikamkauka. Jirani alibisha hodi, hakufunguliwa.

Alhamisi alijikaza. Kama ni kushona, si ndiyo kazi yake? Amewahi kurudisha makoti yaliyoraruliwa na mbwa, wenyewe wasijue palipochanika. Akaviokota vipande vyote vya Panzi, akavipanga sakafuni, akawasha cherehani kubwa ya turubai. Alishona kuanzia miguu kwenda juu, akimwambia, "Tulia, mama, tulia kidogo," kama alivyokuwa akimwambia alipompima sare. Mikoba iliyopungua angeishona kwa turubai lake mwenyewe. Hilo halikumsumbua hata kidogo.

Ijumaa asubuhi akapigilia bango ukutani pa chumba cha kazi, misumari kumi na miwili, akarudi nyuma mpaka mlangoni alitazame.

Mishono ilinyooka. Rangi zilikutana. Hata kovu lilikaa mahali pake. Lakini mshono hula nguo, na hilo Fundi alilijua kuliko mtu yeyote mtaani. Mmoja ulikuwa umepita katikati kabisa ya ile nafasi. Kisu kilikuwa kimeacha vidole viwili kwenye takataka, mshono ukala viwili vilivyobaki. Mgongo wa Panzi ulikuwa umelala juu ya ufito.

Alikaa kwenye stuli, akashika tama. Alifikiria kufumua, na alijua kwamba kufumua hakuleti kilichokatwa. Takataka alizitoa Jumatano ile ile, kabla hajaliona goti, na gari la taka lilishapita.

Saa nne karani akabisha hodi, amekimbia mara moja kabla wageni hawajafika, uso wote tabasamu.

"Umelipata, mama? Karatasi yangu uliiona?"

Fundi alimtazama. Angeweza kumwambia. Lakini akamwona bado ni yule mtoto wa kwaya, sare inambana kwapani, na mtoto huyu angelibeba neno hilo mpaka kaburini.

"Niliiona, mwanangu. Ahsante. Mungu akubariki."

"Na mishono hii?"

"Lilikuwa kubwa, ukuta ni mdogo. Nikalipunguza."

Karani akasogea karibu, akapitisha kidole juu ya goti, juu ya nywele, taratibu, kwa mapenzi. Alipofika mgongoni kidole kikasimama.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "mbona kama amegusa? Mimi siku ile nilikuwepo. Nilikuwa karibu kabisa na godoro. Hakugusa."

Kwa miaka miwili Fundi alikuwa akitamani kukutana na mtu wa kumwambia maneno hayo, mtu aliyeona kwa macho yake. Sasa aligeukia cherehani, akakokota mkoba uliokuwa haujaisha, akautia chini ya sindano.

"Najua hakugusa," akasema. "Ni mimi."