Mashini Ambayo Mama Ernestine Hakuizima

...na hiki kiduara cha kwenye skrini kinazunguka tu, zunguka basi, zunguka, kana kwamba nyuma yake hakuna watu mia tatu na kumi na wawili wa kifua kikuu, kila mmoja na mwezi wake wa dawa, na mmoja wao, Abedi, amekaa hapo nje kwenye benchi tangu asubuhi, vumbi la Salamabila limejaa kwenye nyusi, siku mbili juu ya pikipiki, anakohoa, "iko mwezi wa ine ao wa tano, sijue," ndivyo alivyomwambia Mama Ernestine, muuguzi wao, na Mama Ernestine sasa amesimama nyuma ya kiti changu ananihemea shingoni, "Subira, iko ao haiko?", ngoja, Mama, ngoja kwanza, ningejua ningekaa hapa na jasho hili?... seva imekufa juzi Jumapili, imetoa mlio mmoja ikanyamaza, na mimi, fundi wa kompyuta wa hospitali hii, nikajigamba mbele ya daktari, hakuna shida jamani, nakala ziko, kila jioni saa moja zinajihifadhi zenyewe kwenye diski nyingine kule maternité, wodi ya wazazi, Subira hafanyi kazi ya ovyo, na ni mimi niliyewaambia waache madaftari, makaratasi ya nini, mchwa watakula, mashini haisahau, wakaniamini, wakaacha, ee Mola, wakaacha kweli... halafu asubuhi hii nafungua nakala za famasi, ya mwisho ni ya mwezi wa nne, mwezi wa nne!, nikaisoma tena ile kanuni niliyoiandika kwa mikono hii, chukua kila mashini ya Windows, chukua kila mashini ya Linux, basi, nilijiona fundi, maana hizi ni mashini pepe, hazina mwili, zinaishi zote ndani ya seva moja, huwezi kuzitenga kwa meza wala kwa chumba, unazichuja kwa mfumo wake, ya famasi Windows, ya kifua kikuu Linux, hata ikija mpya kesho itaingia yenyewe, safi kabisa, kumbe chujio linauliza saa moja jioni, wewe una mfumo gani?, na mashini iliyozimwa haijibu, na isiyojibu haimo, inapita pembeni bila hata kengele kulia, na nani aliyetoa amri, mwezi ule ule wa nne, kila mtu azime mashini yake saa kumi akienda nyumbani, betri za jua zisiishe? mimi! mimi huyu huyu!, na Théophile wa famasi, mtiifu yule, hajakosa hata siku moja, maskini, sasa atahesabu vidonge rafu kwa rafu na ataninunia mpaka Noeli, haya, aninunie, vidonge viko rafuni vinaonekana, lakini miezi ya watu haiko rafuni, ukimwanzishia Abedi upya unamtesa bure, ukimwachisha mapema ugonjwa unamrudia na hasira, na dawa hizi hazitauweza tena, na atakuwa ameuawa na mimi, siyo na kifua... "Subira?" ngoja, Mama... imefunguka. Imefunguka! Nakala ya Jumamosi ipo, Ijumaa ipo, Alhamisi, teremka chini, mwezi wa saba, wa sita, wa tano, hata za Jumapili, hakuna pengo, Alhamdulillahi, Alhamdulillahi, bonyeza rejesha, asilimia moja, nachekacheka kama mlevi... lakini haiwezekani, amri ni amri, ili iwe humu lazima ilikuwa inawaka kila saa moja jioni, kila siku, "Mama, wewe haukuwa unaizima?", anakunja pindo la kitenge, "Samahani, mwanangu, watu wa Salamabila hawana saa, piki inakufa njiani, mutu anafika giza imeingia, nitamwambia mashini imelala, urudi kesho?"... mkaidi wee, Mungu akuzidishie ukaidi!, na betri zilipokuwa zikishuka nilijua ni nani, nikamsimamisha mkutanoni mbele ya watu wote, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nilimwambia hivyo, mimi, mama wa umri wa mama yangu mzazi, na wengine wakacheka, naye akainamisha kichwa, akasema nimesikia, na jioni ile ile akaiacha inawaka, guu lililokuwa livunjike lilikuwa langu, loo, uso ninauweka wapi... asilimia nne, Abedi anakohoa tena, kohoa baba, mwezi wako unakuja, nitairekebisha kanuni leo leo, nitazitaja mashini moja moja kwa majina yake, ziwe zinawaka ziwe zimezimwa, na mkutano nitauitisha tena, watu wale wale, nitasimama nilipomsimamisha... "Iko, Mama. Yote iko. Wewe ndiwe umeiokoa, mimi nilishaipoteza," na machozi haya yanatoka wapi sasa, mtu mzima, naye hacheki, hanisuti, anashusha sauti kama mtoto mbele ya mwalimu, "Na leo jioni nikienda, mwanangu, niizime?", nikageuka nikidhani ananitania, nikayaona macho yake, hatanii, anauliza kweli, miezi yote hii alikuwa ananiogopa na bado ananiogopa, nikaushika mkono wake, nikainuka nikamkalisha kwenye kiti changu, asilimia tano.